Ujira wa Serikali Wakati wa Dhiki: Je, ni Sadaka au ni Haki?

Tangu siku za maradhi ya Korona kumezuka katika baraza zetu maneno ambayo hata leo hayajesha. Mwaka 2020, biashara zilipofungwa na hoteli za pwani zikabaki tupu, serikali ya Kenya iliandika vijana kwa kazi za kutwa: kuzibua mitaro, kufyeka vichaka, kuzoa taka na kufagia njia. Mpango ule uliitwa Kazi Mtaani. Ulianza mwezi wa Aprili katika mitaa ya maskini ya miji michache, na Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Mwezi wa Julai ukaenezwa katika kaunti zote 47, Meru na Embu zikiwamo, kwa shilingi bilioni 10 na kwa vijana zaidi ya 270,000. Ujira wa kibarua katika awamu hiyo ya pili ulikuwa shilingi 455 kwa kutwa, na msimamizi alipata 505.

Wako wasemao kwamba kijana yule alipewa sadaka, na mwenye kupewa sadaka kazi yake ni kushukuru na kunyamaza. Wako wasemao kuwa haikuwa sadaka bali ni hongo, serikali ilikinunua kimya cha vijana kwa bei rahisi. Na wako wengine, na hawa ndio wanaotutia huzuni zaidi, wasemao kuwa ni aibu kwa mtoto wa watu kuonekana na ufagio njiani, na afadhali angalikaa ndani akaomba kwa mjomba wake. Sisi twaona kwamba makundi yote matatu yamekwenda mbio katika kuhukumu. Twataka kulitazama jambo hili kwa utulivu, na twapenda kulipima kwa khabari za Meru na Embu, kwa kuwa huko serikali tatu au nne zimekwisha kupita na dawa zao za dhiki, na kwa kuwa baina yetu sisi watu wa pwani na watu wale kuna hesabu ambayo bado haijakatwa.

Wazee waliotutangulia walikuwa wakitaja ukata wa miaka ya 1930. Ulianzia Marekani mwezi wa Oktoba mwaka 1929, na mara ukafika huku. Bei ya mahindi, mkonge na kahawa ikaanguka. Nzige walikuwa wamekwisha kuingia tangu 1928. Basi serikali ya Kiingereza ilifanya nini? Kwa walowezi wa Kizungu iliunda benki ya ardhi na ukulima mwaka 1931 ili wakopeshwe mashamba yao yasipotee. Huo ulikuwa msaada, wala hatulaumu mtu kusaidiwa asizame. Lakini Mwafrika wa Meru, wa Embu na wa pwani yetu, naye aliyeanguka katika shimo lile lile, alidaiwa kodi ya kichwa na ya nyumba kama ilivyokuwa, shilingi 12 katika wilaya nyingi, na akatafutwa na askari akikosa. Mwenye kumiliki alikopeshwa, na asiyekuwa na kitu akatozwa.

Twakumbuka hapa khabari ya Sayyidna Umar katika mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka ambao Waarabu waliuita mwaka wa majivu kwa ukavu wake. Watu hutaja sana chakula alichokiagiza kutoka Misri, na jinsi alivyojinyima samli mpaka watu wapate kula. Jambo ambalo hutajwa kwa uchache ni kwamba aliakhirisha kukusanya zaka ya wanyama mwaka ule. Yaani kabla ya kutoa alianza kwa kutochukua. Sisi twadhani hapa ndipo penye mwanzo wa maneno yote. Serikali inayompa maskini shilingi 455 kwa mkono wa kulia na kuziondoa kwa mkono wa kushoto, katika ushuru wa unga na mafuta ya taa, haijamsaidia, imemzungusha tu.

Lakini katika dhiki ile ile ya miaka ya 1930 lilitokea jambo moja ambalo yafaa tulizingatie. Mpaka wakati ule Mwafrika wa Kenya alikuwa hawezi kupanda kahawa. Walowezi walisema ataeneza maradhi ya miti, atauza kahawa ya wizi, na neno ambalo hawakulisema kwa sauti kubwa ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hataki tena kuwa kibarua katika kahawa ya mwenziwe. Sisi watu wa pwani, ambao kikombe cha kahawa hakitutoki mkononi baina ya magharibi na isha, ni wachache katika sisi waliopata kujiuliza ni nani alikuwa na ruhusa ya kuipanda. Hazina ilipokauka na kodi ikawa ngumu kukusanywa, serikali ikaona hapana budi watu wawe na kitu cha kuuza. Mwaka 1933 ikakubali kufanya majaribio, na mwaka 1934 zikatoka kanuni za kahawa ya wenyeji katika sehemu tatu tu: Kisii, Embu na Meru. Sehemu hizo zilichaguliwa kwa kuwa ziko mbali na mashamba ya Wazungu. Masharti yalikuwa makali, leseni ilikuwa lazima, na vipande vilikuwa vidogo mno.

Tazama ajabu hii. Serikali haikumpa mtu wa Meru pesa hata moja ya huruma. Ilimwondolea marufuku ambayo yenyewe ndiyo iliyomwekea. Wala haikufanya hivyo kwa kumpenda, ilifanya kwa kutaka kodi yake. Na hata hivyo, ruhusa ile ya shingo upande ilijenga Meru na Embu kuliko vibarua vyote vya serikali tunavyovijua. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ikaenea katika miteremko yote ya Mlima Kenya, vikazaliwa vyama vya ushirika na vinu, na kwa malipo ya kahawa wazee walisomesha watoto ambao baadaye walikuwa waalimu, madaktari na mahakimu.

Mwenye kupinga atasema: basi hoja imekwisha, watu hawataki vibarua, wafunguliwe milango tu. Hapana. Mkahawa hauzai ila baada ya miaka mitatu au minne, na tumbo halingoji miaka mitatu. Mtu mwenye njaa leo anahitaji kitu cha leo. Tena mlango nao hauachwi wazi milele. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na vyama vya ushirika navyo vikaliwa kwa madeni na wizi wa viongozi wao. Kenya iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 120,000 kwa mwaka katika miaka ya mwisho ya 1980 ilishuka mpaka karibu na theluthi moja ya hizo. Wako wakulima wa Meru na Embu waliong'oa mikahawa na kupanda mahindi na majani ya ng'ombe mahali pake.

Ama hao wenye kuona kwamba kila kazi ya serikali ni neema, twawaomba waitazame Mwea. Hivi leo Mwea ni katika kaunti ya Kirinyaga, lakini katika siku za hali ya hatari ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Kuanzia mwaka 1954 mifereji ya mpunga ya mahali pale ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau, waliowekwa kizuizini wengi wao bila ya hukumu ya mahakama. Na katika vijiji vya lazima vya miaka ile, kina mama wa Embu na Meru walitolewa asubuhi kwenda kuchimba matuta na barabara bila ya ujira, mwenye kukosa akiadhibiwa. Nani atakataa kuwa matuta yale yanazuia udongo? Nani atakataa kuwa mpunga wa Mwea, ambao harufu yake twaijua vizuri jikoni kwetu siku za harusi, ni mpunga mzuri? Lakini manufaa ya kitu si shahada ya uadilifu wake. Kwa hiyo mtu wa Embu aliyekulia katika vijiji vile akisikia neno kazi ya serikali, si lazima alisikie kama tulisikiavyo sisi. Kuna kazi inayotolewa kwa mtu ili apate riziki, na kuna kazi inayotolewa kutoka kwa mtu, na zote mbili huandikwa katika daftari la serikali kwa jina moja la maendeleo.

Basi alama ya kuzitenga ni ipi? Twaona kwamba ni tatu: kuwa mtu anaweza kuikataa bila ya kudhurika, kuwa ujira wake ni wa kujulikana na hulipwa kwa wakati, na kuwa kazi yenyewe ina faida anayoiona kwa macho yake. Ile ya kwanza Kazi Mtaani ilikuwa nayo. Ile ya pili ilikuwa nayo nusu. Ujira ulijulikana na ulipitia katika simu ya kijana mwenyewe, jambo lililoziba mikono mingi ya katikati, lakini malalamiko ya kucheleweshwa yalisikika kila mahali. Hapana haja ya kumkumbusha Mwislamu yeyote uzito wa kuchelewesha ujira wa mwenye kutoa jasho. Mpango uliotangulia, ule wa Kazi kwa Vijana ulioanzishwa mwaka 2009 chini ya ofisi ya Waziri Mkuu, uliangushwa na jambo hili hili la amana: ilipofika mwaka 2011 yalizuka maswali juu ya hesabu zake, na ufadhili wa Benki ya Dunia ukakatika. Kijana wa Embu aliyekuwa akipanda miti hakujua hesabu hizo, aliambiwa tu kwamba kazi imekwisha.

Alama ya tatu ndiyo yenye kutatiza. Mwingereza mmoja, bingwa wa elimu ya uchumi, John Maynard Keynes, aliandika mwaka 1936 kwa namna ya kejeli kwamba hata serikali ikizika chupa zenye noti ndani yake na kuwaacha watu wazichimbue, itakuwa afadhali kuliko kuwaacha bila ya kazi, ingawa kujenga nyumba ni bora zaidi. Kwa hesabu ya soko huenda ikawa kweli. Kwa hesabu ya nafsi ya mtu sivyo. Mtu hali wali peke yake. Hula pia heshima ya kujua kwamba amehitajiwa. Kijana anayetumwa kufagia mtaro uliofagiwa jana, kwa kuwa msimamizi lazima ajaze siku zake, huifahamu hali hiyo, na moyo wake huvunjika. Marekani katika ukata ule walifanya vizuri zaidi: mpango mmoja wa serikali ya Roosevelt, ulioanza mwaka 1935 na kumalizika 1943, uliajiri watu zaidi ya milioni 8 kwa jumla, na barabara, skuli na madaraja yao mengine yanatumika hata leo. Lakini hata wao waliacha watu nje. Sheria yao ya bima ya wazee na ya wasio na kazi, ya mwaka huo huo wa 1935, haikuwaingiza vibarua wa mashambani wala watumishi wa majumbani, na hao wengi wao katika majimbo ya kusini walikuwa watu weusi. Kila serikali inapopiga mstari wa msaada, yafaa kwanza kuuliza ni nani amebaki upande wa pili.

Na hapa ndipo tunaporudi Embu, na kwenye hesabu tuliyosema haijakatwa.

Kahawa hutaka baridi na mvua ya mlimani. Ile ruhusa ya mwaka 1934 ilifaidisha watu wa juu. Mbeere, ambayo ni sehemu ya chini ya Embu yenye ukavu, haikupata katika mlango ule kitu cha kutajwa. Watu wa Mbeere walijitafutia mlango wao wenyewe, nao ni muguka, kama vile watu wa Nyambene katika Meru walivyo na miraa yao tangu zamani. Hatuna haja ya kueleza muguka ni nini, maana majani yake twayaona katika vijia vyetu kila alasiri. Wala hatuna nia ya kuutetea. Madhara yake kwa vijana wetu twayashuhudia majumbani, na msimamo wetu juu yake haujabadilika.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 kaunti za pwani, Mombasa ikitangulia, na Kilifi, Kwale na Taita Taveta zikafuata, zilipiga marufuku au kuzuia biashara ya muguka. Wengi wetu tulifurahi. Siku chache hazikupita ila Rais akatangaza kuwa marufuku yale hayana nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Hapo watu wetu wakasema kuwa serikali imependelea pesa za watu wa bara kuliko roho za watoto wa pwani. Maneno haya yana uchungu wa kweli, lakini yana nusu tu ya jambo.

Nusu ya pili ni hii. Mwanamke wa Mbeere anayechuma muguka alfajiri amekwisha kutoa hesabu ya karo na dawa katika fungu lile. Sisi tukisema asiuze, tumesema neno ambalo huenda likawa la haki. Lakini tumesema nini juu ya chakula chake cha kesho? Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwezi wa Juni mwaka 2014, watu wa Meru walijifunza jinsi riziki inavyokatwa kwa kalamu ya mtu aliye mbali. Mwaka 2016 serikali ilitangaza shilingi bilioni moja za kuwasaidia. Mwezi wa Machi mwaka 2020 Somalia nayo ikafunga soko lake, wala haikulifungua mpaka Julai 2022. Yaani katika miezi ile ile ya Kazi Mtaani, mtu wa Maua alikuwa na mabonde mazima ya miti isiyokuwa na mnunuzi. Serikali ikimpa mtoto wake ufagio na shilingi 455, haikuwa imegusa asili ya dhiki yake hata kidogo.

Na je, kijana wetu? Kwa nini akae barazani tangu adhuhuri akitafuna? Mwenye kusema kuwa ni kwa ukosefu wa adabu peke yake hajatazama vizuri. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na cha korosho cha Kilifi kikafungwa baada yake. Babake alikuwa na kazi, yeye hana. Mkulima wa Mbeere na mlaji wa Mombasa ni watu wawili waliokosa kazi moja: mmoja ameipata katika kuupanda mti ule, na wa pili ameipoteza siku yake katika kuutafuna. Kwa hivyo mwenye kutaka kuuondoa muguka kwa haki itamlazimu awe na neno la kuwaambia wote wawili, na neno hilo haliwezi kuwa marufuku tu.

Twarudi katika swali la kwanza: sadaka au haki? Sadaka ni kitu ambacho mtoaji angeweza kutokitoa asilaumiwe na mahakama yoyote. Fedha za hazina si mali ya waziri, ni mali ya watu iliyowekwa amana, na kijana aliyelipwa katika amana hiyo kwa kazi ya mikono yake hakupewa sadaka, wala hakuhongwa kwa sharti kwamba asiulize, wala hakuvaa aibu. Bara Hindi mwaka 2005 walikwenda mbele zaidi ya hapo. Walipitisha sheria kwamba kila nyumba ya shamba ina haki ya siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka, na asiyepewa kazi katika siku 15 za kuomba alipwe posho. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro nyingi, ujira ukichelewa na majina ya uongo yakiandikwa. Lakini tofauti ni kubwa baina ya mtu anayengoja rehema ya tangazo na mtu mwenye karatasi ya kudai. Kazi Mtaani ilikuwa ni tangazo. Ilipoisha haikuacha karatasi yoyote mkononi mwa kijana, si ya haki, si ya ufundi.

Kuna jambo moja jengine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kahawa ya mwaka 1934 ilifaa Meru na Embu kwa sababu watu wale walikuwa na ardhi ya ukoo chini ya miguu yao. Ruhusa iliwakuta mahali pa kuitumia. Lau ruhusa kama ile ingetolewa pwani siku zile, wangapi wangeipokea? Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wa mwambao wamekuwa wakiishi juu ya ardhi ambayo karatasi yake iko kwa mtu mwengine, na mtu hapandi mti wa miaka mitatu penye kuweza kufukuzwa kwa siku moja. Hii ndiyo sababu kwamba kwetu kibarua cha kutwa hubaki kibarua cha kutwa. Mbunge au mwakilishi wa kaunti anayekuja kutuahidi ajira za vijana, aulizwe kwanza juu ya hati, na aulizwe tena juu ya ujira uliochelewa, na aulizwe mbele ya watu.

Ama wasioweza kazi yoyote, wazee, wagonjwa na wajane wenye watoto wachanga, hao hawaingii katika mazungumzo haya ya ufagio na jembe. Serikali tangu mwaka 2018 iliweka shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, nazo pia hufika kwa kuchelewa. Haki yao iko kwanza katika zaka ya mji wetu wenyewe kabla haijawa katika bajeti ya Nairobi, na namna zaka hiyo inavyogawanywa hivi sasa, baina ya milango ile ile ya kila mwaka, ni jambo ambalo tutalizungumza katika waraka ujao, inshallah.